Kiberiti Kilichochelewa

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuhesabu vidoti vyekundu. Kila asubuhi nilifungua ramani ya setilaiti, nikaangalia hifadhi iliungua wapi tangu jana, nikaandika ripoti. Kidoti kimoja ni mahali ambapo setilaiti, ikipita juu, ilihisi joto lisilo la kawaida ardhini. Pembeni yake huandikwa saa, mahali na kiwango cha uhakika. Ripoti yangu ilikuwa na safu moja ambayo setilaiti haikuijaza, nikawa naijaza mwenyewe: "Chanzo." Kila siku niliandika yale yale. Wawindaji haramu. Wafugaji. Uzembe.

Hakuna aliyewahi kuniuliza nimejuaje. Chombo kilicho kilomita 700 angani hakioni mkono ulioshika kiberiti, sembuse sababu ya mkono huo.

Nilianza kuona haya juu ya safu ile siku nilipotumwa kwenda na kikundi cha wanakijiji waliokubaliwa kuchoma kipande cha hifadhi wakiwa pamoja na askari wa wanyamapori. Tulifika saa nane mchana, jua likiwa kali, kila kitu tayari: maji, matawi mabichi ya kupigia moto, redio mbili, na kibali chenye mihuri mitatu. Mzee aliyekuwa akituongoza hakuwasha. Aling'oa nyasi mkono mmoja, akazisokota karibu na sikio, akazitupa, akaenda kukaa chini ya mti. Baada ya nusu saa akarudia. Mimi natazama saa tu, maana kibali kilikuwa kinakwisha saa kumi na mbili jioni.

"Mzee, tunasubiri nini?"

"Zinalia mno, mwanangu. Zikilia hivi moto utanikimbia. Acha zinyamaze."

Zilinyamaza kwenye saa kumi na nusu, jua lilipolegea. Akawasha kwa mstari mfupi, kinyume na upepo, na moto ukaanza kurudi nyuma polepole, kimo cha magoti, tukiufuata kwa miguu huku tunazungumza. Usiku umande ukaumaliza. Asubuhi nilikuta kipande cheusi chenye kingo zilizochanika, na katikati yake visiwa vya nyasi ambavyo havikuguswa kabisa. Nikadhani kazi imeharibika. Nikamwambia mzee moto umeacha mapengo mengi. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyelalamika kwamba wavu una matundu.

Nimeisimulia siku hiyo mara nyingi, na wengi hudhani nasifia hekima ya wazee. Kilichonishangaza ni kwamba alichokuwa akifanya mzee ni kupima. Nyasi iliyokufa hunywa na kutoa unyevu kufuatana na hewa, na hufanya hivyo ndani ya saa chache, kwa hiyo nyasi ile ile inayoungua kwa kusitasita jioni inaweza kulipuka mchana wa siku hiyo hiyo. Wataalamu wana kanuni ya tangu mwaka 1959, ya mtafiti wa moto Byram: ukali wa moto ni joto lililomo katika nyasi, mara uzito wa nyasi katika eneo, mara mwendo wa moto. Mwendo ndio unaobadilika sana, na mwendo hutegemea unyevu, upepo na mteremko. Sikio la mzee lilikuwa linapima sehemu ya kanuni hiyo ambayo ripoti yangu haikuwa nayo.

Savana inataka kuungua. Hilo halipendezi masikioni mwa mtu aliyefundishwa kwamba moto ni adui wa hifadhi, lakini ndivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika, na karibu yote hiyo ni nyasi. Mvua huotesha nyasi nyingi kuliko wanavyoweza kuzimaliza wanyama, kiangazi huzikausha, na jani lililokufa likibaki limesimama huwafunika mwanga machipukizi ya mwaka unaofuata. Nyasi zenyewe hazifi kwa moto kwa sababu sehemu inayokua iko chini, usawa wa udongo. Mti mchanga ndio unaoteseka: moto humkata hadi chini, anachipua, mwaka unaofuata anakatwa tena, na anaweza kukaa hivyo miaka mingi, shina likiwa la kijana na mzizi wa mzee, hadi apate mwanya wa miaka miwili mitatu bila moto mkali aweze kupandisha kichwa juu ya ndimi zake.

Basi swali la kama savana iungue au isiungue halina maana sana. Lenye maana ni lini. Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Kodivaa. Mwaka 1936 Mfaransa André Aubréville, mtaalamu wa misitu, alianzisha jaribio Kokondékro, karibu na Bouaké. Vipande vitatu vya savana, jirani kwa jirani. Kimoja kisichomwe kabisa. Kimoja kichomwe kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi. Kimoja kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Miongo ilipopita, kisichochomwa kilikuwa kimefunga na kuwa msitu. Kilichochomwa mwishoni kilibaki nyasi tupu na miti michache sugu. Kilichochomwa mapema kilikuwa na miti ya kutosha na nyasi chini yake. Viwili kati ya hivyo viliungua mara sawa, kwenye udongo mmoja, chini ya mvua moja. Vilitofautiana kwa tarehe tu.

Huko kaskazini mwa Australia, katika jaribio la Kapalga lililofanyika ndani ya Hifadhi ya Kakadu kati ya mwaka 1990 na 1994, moto wa mwishoni mwa kiangazi ulikuwa na ukali zaidi ya mara tatu ya ule wa mwanzoni. Moto wa mapema unazimika wenyewe ukikuta bonde lenye unyevu, kivuli au umande wa usiku. Wa mwishoni hauzimwi na chochote ila mto mkubwa au mvua.

Sasa weka marufuku juu ya haya yote. Sheria nyingi za hifadhi zilirithiwa kutoka kwa watawala wa kikoloni walioona majivu wakaona hasara, na mantiki yake ni nyepesi: moto ni mbaya, anayewasha akamatwe. Kinachofuata sikukisoma popote. Nilikiona kwenye ramani yangu mwenyewe nilipoacha kuhesabu vidoti na kuanza kuvipanga kwa miezi. Mtu mwenye haja ya kuchoma haja yake haiondoki kwa sababu ya bango. Bado anataka njia ionekane, nyasi changa zichipue, nyumba yake izungukwe na ardhi iliyokwisha kuungua kabla moto wa jirani haujafika. Zamani alichoma mchana, akiwa na wenzake, akasimama pale hadi uzimike. Sasa anawasha na kuondoka. Na kwa kuwa hatakuwepo kuusukuma, anangoja hadi nyasi zikauke kiasi cha kuupeleka moto zenyewe. Ukimtoroka hamwiti mtu, kwa sababu anayeita ndiye atakayeulizwa maswali. Marufuku haikuwa imepunguza moto hata kidogo. Iliusogeza miezi mitatu mbele, ikaunyima mlinzi.

Brazili walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Hifadhi ya Taifa ya Emas iko katika Cerrado, savana kubwa ya nchi hiyo, na kwa muda mrefu sera ilikuwa kuzuia moto wote. Nyasi zilirundikana mwaka hadi mwaka, kisha mwaka 1994 moto mmoja ukapita karibu hifadhi nzima na kuacha mizoga ya walamchwa wakubwa, wanyama wa manyoya marefu ambao mbio si sifa yao. Baada ya hapo wakaanza kuchoma mikanda ya kukinga moto kila mwaka. Hata hivyo mwaka 2010 moto mwingine mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya hifadhi. Mkanda husaidia, lakini ukizungukia shamba la nyasi za miaka minne zilizokauka, kwenye upepo mkali cheche itauruka tu.

Ndipo mwaka 2014 walianza majaribio ya kuchoma mapema na kwa vipande katika hifadhi tatu: Chapada das Mesas, Serra Geral do Tocantins na Jalapão. Jalapão ndiyo inayonivutia. Jamii za kiquilombola, wazao wa watu waliotoroka utumwa, husuka kwa vikonyo vya dhahabu vya mmea uitwao capim dourado, unaoota kwenye nyasi za mabondeni zenye maji. Wao walijua kwamba bonde likiungua, maua ya mwaka unaofuata huwa mengi, na kwa hiyo walikuwa wakichoma kila baada ya miaka kama miwili. Watafiti walipopima wakakuta ni kweli. Serikali ilikuwa inawaona wachomaji; kumbe ilikuwa inawatazama wakulima wa zao ambalo halilimwi. Tarehe 31 Julai 2024 Brazili ikapitisha sheria ya sera ya taifa inayotambua matumizi ya moto ya jamii za asili kuwa sehemu ya usimamizi. Tangu Emas iungue hadi sheria hiyo ni miaka 30.

Afrika Kusini nako kuna somo, ingawa la namna nyingine. Hifadhi ya Kruger ina viwanja vya majaribio ya moto vilivyoanzishwa mwaka 1954, na sijui mahali palipobadilisha sera ya moto mara nyingi kuliko pale. Kwa miaka mingi walichoma kwa ratiba, kila kipande kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 1992 wakageuka: waache moto wa radi tu, wazime mingineyo, eti asili ijiendeshe. Asili haikujiendesha. Radi huja na mvua, na nyasi zilizokauka hazikungoja mvua. Sehemu kubwa ya ardhi iliyoungua katika miaka hiyo iliwashwa na watu. Septemba 2001 moto mmoja uliua zaidi ya watu 20, wengi wao wakiwa kazini wakikata nyasi za kuezekea. Sera ikabadilishwa tena, safari hii moto ukipangwa kufuatana na mvua iliyonyesha na wingi wa nyasi uliopo. Ikawachukua karibu nusu karne kurudi kwenye jambo ambalo mtu anayeishi na nyasi hulianza nalo: kwenda kuzitazama.

Lakini ngoja. Nimewahi kukaa katika mikutano mingi ya kupanga moto, na mtu yeyote anayesema "jamii inataka" hajakaa hata mmoja. Jamii haitaki kitu kimoja. Mfugaji anataka kuchoma ili apate majani mabichi, ila si malisho yote, na si kabla hajamaliza yaliyopo. Mrina asali hataki moto karibu na miti iliyo kwenye maua, na miti haitoi maua kwa ratiba ya mfugaji. Anayekata nyasi za kuezekea anataka zibaki zimesimama hadi akate. Mwenye shamba linalopakana na hifadhi anataka mkanda wa kukinga moto, upana wake ukatwe upande wa mwenzake. Askari wa wanyamapori anataka tarehe moja iliyoandikwa ili aijue. Katika mkutano mmoja tulibishana saa tano juu ya bonde la ukubwa wa viwanja vichache vya mpira, na mwishowe tukakubaliana liachwe mwaka huo. Nilirudi nimechoka na nimekasirika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ubishi ule ulikuwa unachora viraka. Kila mmoja alivuta kipande chake upande wa haja yake, na kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa mchanganyiko wa vipande vilivyochomwa mapema, vilivyochomwa baadaye na visivyochomwa, ambao hakuna mtaalamu mmoja angeukaa mezani akaubuni.

Siku hizi kuna sauti nyingine mkutanoni, ya fedha za kaboni, yaani malipo kwa anayepunguza gesi zinazopasha dunia joto. Mfano unaotajwa kila mahali ni wa magharibi mwa Arnhem Land, Australia. Katika karne ya 20 wenyeji wa asili wa uwanda wa juu wa huko walihamia misheni na miji, uwanda ukabaki bila watu wa kuuchoma mapema, na moto mkubwa wa mwishoni mwa kiangazi ukawa desturi. Wazee wakarudi, wakashirikiana na wanasayansi, na mwaka 2006 ukaanza mpango wa eneo la kilomita za mraba kama 28,000: kampuni ya gesi ilikubali kulipa takribani dola milioni moja za Australia kwa mwaka, kwa miaka 17, na walinzi wa wenyeji kuchoma mapema ili kupunguza gesi joto kwa kiasi cha tani 100,000 kila mwaka. Wanatembea nchi yao tena, na wanalipwa kwa kuitembea. Sina la kubeza hapo.

Nina wasiwasi wangu hata hivyo. Hesabu ya kaboni ya Australia hukata msimu kwa tarehe: moto kabla ya tarehe 1 Agosti ni wa mapema, kuanzia hapo ni wa mwishoni. Lazima iwe hivyo, kwa kuwa mhasibu hawezi kusokota nyasi sikioni. Ila malipo yakishikamana na tarehe, kishawishi ni kuchoma eneo kubwa upesi, kwa helikopta, bila mtu kushuka. Na nyasi mbichi mno huungua nusu nusu, moshi mzito, methani, mojawapo ya gesi joto hizo, nyingi zaidi kwa kila kilo iliyoungua. Mapema mno nako ni kosa. Mahali penye mvua tofauti, miti tofauti na watu tofauti, kunakili tarehe ya Arnhem Land ni sawa na kuvaa miwani ya mtu mwingine.

Niruhusu nichepuke kidogo. Tunazungumza kana kwamba kiberiti ndicho kinachoamua peke yake, kumbe mdomo nao unaamua. Serengeti ilionyesha hilo. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiua nyumbu pia, ilipodhibitiwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka kama robo milioni hadi zaidi ya milioni moja ndani ya miaka isiyofika ishirini. Wakala nyasi, moto ukakosa chakula, eneo linaloungua likapungua sana, na miti ikaanza kurudi. Chanjo ya ng'ombe ilizima moto ambao hakuna kikosi kilichoweza kuuzima. Mtu akiniambia atapanga moto bila kuuliza nani anakula nyasi hizo, naye simsikilizi.

Turudi kwenye kibali. Baada ya miaka ya ramani nilipewa jukumu la kuvishughulikia vibali, na hapo ndipo niliposhika mkia wa tatizo. Kikundi kiliomba kuchoma. Barua ilipanda ngazi, ikangoja sahihi, ikarudishwa kwa kosa la tarehe, ikapanda tena. Mwaka mmoja nilifuatilia barua moja: iliombwa nyasi zikiwa bado na kijani chini, ikaidhinishwa wiki tano baadaye, nyasi zikiwa zinalia. Kikundi kikachoma, kwa kuwa sasa kiliruhusiwa, na moto ukavuka mpaka wake. Ripoti ikaandikwa. Safu ya chanzo ikajazwa: uzembe wa wanakijiji. Sikuiandika mimi, lakini niliisoma na kuijua sentensi yangu mwenyewe.

Tulichofanya baadaye ni kidogo, na kilichukua misimu miwili ya ubishi. Kibali sasa hutolewa kabla mvua haijakatika, cha msimu mzima, kwa vipande vilivyochorwa mkutanoni. Siku na saa haziandikwi. Huandikwa masharti: nani lazima awepo, upepo ukifika wapi msiwashe, kipande kipi kiungue kwanza ili kiwe kinga ya kinachofuata, nani apigiwe simu kabla na baada. Siku anaichagua aliyepo. Katika hifadhi ya Bwabwata, kaskazini mashariki mwa Namibia, ambako Wakhwe na wengine wanaishi ndani ya mpaka wa hifadhi, kuchoma mapema kulirudishwa baada ya miaka mingi ya kukatazwa. Wenyeji wa mahali kama hapo wana faida moja isiyonunuliwa kwa vifaa: wako pale siku nyasi zinaponyamaza. Kikosi kinachotoka makao makuu hufika siku gari linapopatikana.

Yapo yanayonisumbua bado. Vijana wengi hawajawahi kuchoma, kwa sababu baba zao walichoma kwa kujificha, na ufundi wa kujificha haufundishiki. Mvua zinakatika vibaya, siku nzuri zinapungua, na mzee mwenyewe alikiri mwaka juzi kwamba ishara moja aliyoitegemea maisha yake yote ilimdanganya mara mbili. Na kuna vipande ambavyo tumevichoma mapema miaka minne mfululizo kwa kuwa viko karibu na barabara na ni rahisi. Hivyo navyo vimeanza kuwa na sura isiyonipendeza, mwezi uleule na nyasi zilezile kila mwaka.

Mara ya mwisho nilipotoka na kikundi, tulichoma kipande cha mwisho cha msimu siku ya Jumanne. Kwa ramani yangu kazi ilikwisha Jumanne usiku. Jumatano asubuhi hapakuwa na kidoti hata kimoja. Alhamisi jioni mzee aliniomba gari turudi. Tukatembea ndani ya majivu, yeye mbele, akisimama kwenye kila gogo na kila kinyesi cha tembo, anachuchumaa, anakisogezea mgongo wa kiganja bila kugusa, anaendelea. Kwenye kisiki cha kumi au cha kumi na moja hakuendelea. Kwa macho hakikuwa na kitu, hata moshi. Akanionyesha nisogeze mkono wangu.

Kilikuwa kinafukuta kwa ndani. Tulikichimbua kwa jembe na kukimwagia mchanga hadi giza likaingia.